Tunatafuta kocha mkuu mpya, majina yamebaki matatu na kamati imegawanyika

mzigo_wa_Isyonje
Wakuu poleni na baridi hili la mwezi wa saba. Naleta jambo hapa kwa sababu kikao chetu ni jumamosi ya wiki ijayo na mpaka leo kamati haisikilizani.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya utendaji kwenye timu moja ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, tupo Championship, ligi inayofuata chini ya Ligi Kuu, jina la timu naomba niliweke pembeni maana mambo hayajawa rasmi. Kazi yangu ni viazi, napakia Isyonje napeleka Dar, kwenye mpira niliingia kwa kutoa gari la kubeba vijana kipindi hatuna basi alafu wanachama wakanipigia kura. Timu naipenda kutoka moyoni ila mambo ya ufundi nategemea wanaojua, ndo maana nimekuja kwenu.

Kocha wetu mkataba umeisha mwezi wa sita na hakuongeza, kapata timu sehemu nyingine, tumeagana vizuri tu. Maombi yamekuja mengi mno, kuna siku nimefungua simu nakuta sivii kumi na nne kwenye WhatsApp. Tumechuja wamebaki watatu.

Wa kwanza ni mgeni, kaletwa na wakala. Sivii yake ina kurasa kumi na moja, picha kibao, vyeti vya Ulaya, ila Tanzania hajawahi kufanya kazi hata siku moja. Mfadhili wetu mkubwa kamkubali sana na amesema akija yeye, nyumba na gari atagharamia. Mshahara anaoutaka ungelipa benchi zima la ufundi tulilonalo na daktari juu.

Wa pili ni mzee wetu, nikimtaja karibu kila mtu humu anamjua. Timu saba ndani ya miaka sita. Kaokoa timu mbili ambazo watu walishazikatia tamaa, na jina lake ndo linatajwa vijiweni kila jioni.

Wa tatu ni msaidizi wetu. Ana leseni ya ukocha ya CAF B, kalea timu ya vijana, wachezaji sita wa kikosi cha kwanza wamepita mikononi mwake. Wachezaji wanamtaka huyu, wamemtuma mpaka nahodha kuja kuongea na mwenyekiti. Ila ukocha mkuu hajawahi kuushika popote na kuna wajumbe wanasema mtu uliyezoea kumtuma akachukue jezi kwa dobi huwezi kumkabidhi timu.

Niseme mapema tu kwamba moyo wangu uko kwa huyu wa tatu. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi kwenye saa 12 na nusu nikapita uwanja wa mazoezi kuacha maji ya kunywa, ukungu mzito huoni goli la pili. Nikamkuta amevaa gambuti, ameshika uma wa bustani anatoboa ardhi pale kwenye eneo la penalti ili maji yazame, na mtunza vifaa anafuata nyuma na kiroba cha maranda. Nikamwambia mwalimu si ungeita vibarua, akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Vijana wanaanza saa 2. Straika akikuta dimbwi hapa atajifunza kulikwepa, na jumapili atalikwepa hata kama halipo." Hayo maneno sijayasahau mpaka leo. Sasa sijui kama kumpenda mtu kwa ajili ya kitu kama hicho ndo kuchagua kocha au ni mapenzi tu.

Naomba msaada kwenye mambo haya, tuangalie nini hasa, tuwahoji vipi, na mkataba uwe wa muda gani.

Samora_jukwaa_kuu
Kamwene mkuu. Mimi ni wa Iringa, damu yangu ni timu ya Lipuli, kwa hiyo nitakwambia yaliyotupata sisi.

Msimu wa 2018/19 Wanapaluhengo tulikuwa na Selemani Matola, tukafika fainali ya Kombe la FA, tarehe 1 mwezi wa 6 2019 pale Ilulu Lindi, Azam wakatufunga 1-0. Nilienda. Kutoka Iringa mpaka Lindi sio safari ya mchezo lakini tulienda, na tulirudi tunaimba japo tumefungwa. Matola akaondoka, na msimu uliofuata wa 2019/20 tukashuka daraja. Mwaka mmoja tu mkuu, kutoka fainali mpaka kushuka.

Watu wengi Iringa wanasema ni kwa sababu kocha aliondoka. Mimi nilikuwa karibu na timu na nakwambia kocha ni sehemu tu. Mtu mzuri akifanya kazi kwenye nyumba isiyo na nguzo, siku akitoka mnaona paa linashuka mnafikiri yeye ndo alikuwa nguzo, kumbe alikuwa analishikilia kwa mikono. Hizo kura zenu za jumamosi pigeni, ila muulizane kwanza pesa ya miezi kumi ipo? Maana huyo mgeni mwenye nyumba na gari za mfadhili, mfadhili akikasirika mwezi wa kumi na moja nani anamlipa?

Ilomba_tupo
Mchukueni mzee. Championship ni vita, viwanja vibovu, safari ndefu, huko hakuna cha mpira wa pasi mia. Mzoefu anajua hata waamuzi wanavyochezesha kila kituo. Msaidizi mpeni miaka mitatu tena akomae.

MamaNeema_mzunguko
Naomba na mimi mama yenu niseme kitu. Nimekaa jukwaa la mzunguko uwanja wa Sokoine toka kabla Mbeya City haijapanda. Ule msimu wa 2013/14 tulipopanda Ligi Kuu na Juma Mwambusi tukamaliza wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga, Simba yuko chini yetu, watu wa Dar walikuwa wanauliza hawa zambarau wametokea wapi. Hawakutoka popote mbali, walikuwa watoto tunaowajua, akina Deus Kaseke na Peter Mwalyanzi, baadae ndo Yanga na Simba wakaja kuwabeba. Mwambusi hakuwa jina kubwa la kutisha mtu, alikuwa mtu wa hapa anayejua mpira wa hapa, na timu ilikuwa changa, imeanzishwa 2011 na halmashauri ya jiji.

Lakini sisemi hivi ili umchague msaidizi kwa sababu ni wa nyumbani, hapana. Nataka uangalie kitu ambacho nyie wanakamati mkikaa jukwaa kuu hamkioni. Sisi wa mzunguko tunakaa usawa wa benchi. Muangalie kocha dakika ile anapomtoa mchezaji. Kuna kocha mchezaji anatoka, anapita mbele yake, kocha anaangalia uwanjani kama hajamuona. Na kuna kocha anamshika bega, anamwambia maneno mawili, alafu ndo anarudi kwenye mechi. Nimeangalia hilo jambo kwa miaka mingi na nakwambia, timu ya kocha wa kwanza ikifungwa bao moja inasambaratika. Nyie mnao huyo msaidizi uwanjani kila wiki, muangalieni. Na huyo mzee tafuteni vidio za mechi zake za mwisho, msiangalie mabao, angalieni benchi.

mwalimu_mstaafu_Rungwe
Mzigo, salama kaka. Nimefundisha mpira miaka mingi, madaraja ya chini na nimewahi kukaa benchi la timu ya Ligi Kuu kama msaidizi, kwa hiyo hili swali limenigusa na nitaandika kirefu, nivumilie.

Kabla hamjajua nani anakuja, jibuni swali moja kwenye hicho kikao na liandikwe kwenye muhtasari. Nani anasajili? Makocha wengi huku hawafukuzwi kwa sababu hawajui mpira, wanafukuzwa kwa wachezaji ambao hawakuwachagua. Mimi nilishakaa kwenye timu ambayo kocha mkuu aliomba beki wa kushoto mwezi wa saba, akaletewa mawinga watatu, wawili ni ndugu wa wajumbe na mmoja alitoka kwa wakala yuleyule aliyemleta kocha. Mwezi wa kumi na mbili kocha akafungashiwa virago, na sababu iliyoandikwa kwenye barua ni safu ya ulinzi kuruhusu mabao mengi. Niliisoma ile barua kwa macho yangu na iliniuma kuliko kama ningefukuzwa mimi. Kwa hiyo kama hamuwezi kukubaliana kwamba hakuna mchezaji anasaini bila saini ya kocha pembeni, hao watatu wote watawashinda, na mtarudi hapa januari kuuliza tena.

La pili leseni. Hili watu wanalichukulia kirahisi sana. Ligi Kuu kocha mkuu anatakiwa awe na CAF A, sasa huyo msaidizi wenu ana B, na nyie si mnataka kupanda? Mkipanda mei, agosti mtamweka pembeni mtu aliyewapandisha au mtatafuta mwenye A wa kukaa mbele yake? Soma kanuni za msimu huu mstari kwa mstari, na kama mnampa timu basi kozi ya A iwe ndani ya mkataba na klabu ilipie. Na huyo mgeni msidanganyike na neno Ulaya. Mnakumbuka Simba oktoba 2021, Didier Gomes alikuwa kocha mzuri tu lakini leseni yake haikukidhi masharti ya CAF ikabidi aletwe Thierry Hitimana ili makaratasi yakae sawa, alafu wakafungwa 3-1 na Jwaneng Galaxy nyumbani baada ya kushinda 2-0 kule Botswana, wakatolewa kwa bao la ugenini na Gomes akaondoka. Sisemi leseni ndo iliwafungisha, nasema klabu kubwa kama ile iliingia kwenye mechi kubwa huku benchi lina mambo mawili kichwani. Vyeti vipelekwe TFF, shirikisho la mpira, viangaliwe kabla hamjasaini, sio baada.

La tatu namna ya kuhoji. Maswali ya falsafa yako ni ipi achaneni nayo, kila mtu siku hizi anajibu vizuri, kuna vidio kibao mtandaoni mtu anakariri usiku mmoja. Wapeni mechi zenu mbili mlizofungwa, waangalie, alafu waeleze mbele yenu nini kiliharibika na wangefanya nini jumatatu asubuhi. Jumatatu asubuhi, hilo neno lishikilie. Sio msimu, sio mradi, jumatatu saa 2 kamili una vijana 24, mipira 11, na uwanja mmepewa nusu, unafanya nini. Anayeweza wapeni saa moja uwanjani na vijana waliopo, mkae kimya mtazame.

Na la mwisho, mkitaka kumjua kocha msimpigie mwenyekiti wa timu aliyotoka. Mwenyekiti atakwambia maneno ya kukuridhisha au ya hasira, moja kati ya hayo. Mpigie mtunza vifaa. Muulize kocha alikuwa anafika mazoezini saa ngapi, alikuwa anajua majina ya wachezaji wa timu B, mshahara ulipochelewa alisema nini kwenye chumba cha kubadilishia. Mtunza vifaa anasikia kila kitu na hana sababu ya kukudanganya.

Kuhusu wachezaji kumtaka msaidizi, hilo lipokee kwa makini. Wakati mwingine wanamtaka kwa sababu anawafundisha, wakati mwingine kwa sababu anawaficha. Muulize nahodha huyu jamaa alishawahi kukuweka benchi? Ulijisikiaje?

Kasumulu_mpakani
Naona mgeni anapigwa mawe kabla hajafika. Wakuu ugeni sio kosa. Mbeya City mwaka 2016 walimleta Kinnah Phiri kutoka hapo ng'ambo Malawi, mtu aliyeipeleka nchi yake AFCON 2010 na wakaipiga Algeria 3-0. Kombe hakuleta lakini baridi letu alilijua, chakula chetu alikijua, akitaka kwenda kusalimia nyumbani ni kuvuka daraja tu. Kwa hiyo kuna mgeni na mgeni. Na kocha Nabi je, kafika Yanga aprili 2021 hamna aliyekuwa anamjua, ubingwa wa mwaka ule ukaenda Simba, uongozi ukamvumilia, misimu miwili iliyofuata akachukua ligi na FA zote na 2023 akaifikisha fainali ya Shirikisho Afrika. Wangemtimua mwezi wa saba wasingeyaona hayo.

Swali langu ni wakala anapata nini na nani kwenye kamati anamfahamu huyo wakala. Hilo nadhani ndo lijibiwe, sio pasipoti.

Ilomba_tupo
@Kasumulu_mpakani Nabi alikuwa na wachezaji kina Mayele na Aucho mkuu. Msimu wa 2024/25 Yanga wametumia makocha watatu, Gamondi, Ramović na Hamdi, na ubingwa wamebeba. Kikosi kikiwa kizuri hata ubadilishe kocha kila mwezi utashinda. Ndo maana nasema nyie wa Championship mnahitaji mtu wa kutoa pointi kwenye kikosi cha kawaida, na huyo ni mzee.

mwalimu_mstaafu_Rungwe
@Ilomba_tupo hapo umesema kweli nusu. Mzee ni mzuri kuokoa, sikatai, nimemuona akifanya kazi kama ndo huyo ninayemfikiria. Akiingia januari timu iko mkiani anajua afanye nini, anafunga mlango wa nyuma, mipira mirefu, faulo, kona, anapata pointi zake anaondoka na heshima. Ila hawa hawajasema wako mkiani. Wanaanza msimu. Kuna daktari wa dharura na kuna daktari wa kulea mimba miezi tisa, wote madaktari. Muulizeni mzee kati ya hizo timu saba ni ngapi alianza nazo mazoezi ya kabla ya msimu akamaliza nazo mei. Jibu lake litawasaidia.

Na historia ya kwetu huku inaonyesha kupanda na kung'ara sio tabu, tabu ni kukaa. Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa nchi 1986 wakiwa wamepanda msimu uleule, sasa hivi mtoto wa Tukuyu ukimwambia anafikiri ni hadithi ya bibi. Njombe Mji wamecheza Ligi Kuu msimu mmoja tu wa 2017/18. Ihefu waliivunja rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa, novemba 2022 pale Mbarali, 2-1, na leo timu imehamia Singida na jina lingine. Mbeya City wenyewe 2023 walishuka kwa mchujo mbele ya Mashujaa ya Kigoma mpaka wamekuja kurudi 2025. Kwa hiyo mzigo ukiuliza mkataba wa muda gani, jibu langu ni miaka miwili kwa yeyote atakayekuja, na kipengele cha kuvunja kiwe cha haki pande zote, mshahara wa miezi mitatu kwa mfano. Mkataba wa mwaka mmoja unamfanya kocha aogope kumpanga mtoto wa miaka 18.

dereva_Makambako
Habari za jioni. Mimi nimeendesha basi la timu misimu minne, sio timu ya mleta mada. Nitaongea ya kwenye basi tu maana ndo ninayoyajua.

Mbeya Dar ni zaidi ya kilomita 800, vijana wanakaa kwenye kiti masaa kumi na nne mpaka kumi na sita. Nimebeba kocha ambaye timu ikienda ugenini yeye anapanda ndege Songwe, sisi tunaondoka alfajiri, tunamkuta hotelini ameshaoga. Alikuwa na haki, ilikuwa kwenye mkataba wake. Lakini ndani ya basi maneno yalikuwa mengi, na kuanzia Igawa mpaka Mikumi nilikuwa nasikia wachezaji wakubwa wanapanga wao timu itakavyocheza.

Alafu nimebeba mwingine. Tulikwama Kitonga, lori limelala kwenye kona, foleni haisogei, saa ya chakula imepita na chakula tulichoagiza kiko Morogoro. Yule kocha akateremka na daktari, wakatembea kwenye foleni mpaka wanakutana na akina mama wanaouza, wakarudi na ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha na maji, kalipa mfukoni kwake. Akagawa yeye mwenyewe kiti kwa kiti kuanzia nyuma, kule wanakokaa vijana wadogo. Alafu akafungua daftari akaanza kuhesabu upya, tukitoka hapa saa 9 tutafika saa ngapi, watalala saa ngapi, mazoezi ya kesho asubuhi yafutwe. Kesho kutwa yake tulitoa sare. Sare ya ugenini na miguu imevimba. Mpaka leo wale vijana wakiniona stendi wananiuliza yule mwalimu yuko wapi siku hizi.

Kaka mzigo, ulizeni tu huyo mgeni atapanda nini.

mzigo_wa_Isyonje
Wakuu ndaga fijo, asanteni sana. Mmenipa kazi na nimeifanya, naomba niwape mrejesho kabla ya kikao.

Kwanza leseni. Nimepata kanuni nikazisoma na katibu, B ya msaidizi inakubalika kwa daraja letu msimu huu, ila kama alivyosema mwalimu tukipanda ni lazima A. Nimemuuliza mwenyewe kama alishaomba kozi, kumbe ameomba mara mbili na mara zote klabu haikumpa barua wala ada. Sisi wenyewe. Nilinyamaza sikuwa na la kumjibu.

Pili simu. Mtunza vifaa wa timu aliyotoka mzee ameongea na mimi dakika arobaini. Kasema mzee ni mtu safi, hapokei cha mtu, wachezaji wanamuogopa na kumheshimu, ila kwenye ile timu alifika februari. Nikauliza na wa timu nyingine, naye kafika januari. Kati ya timu saba ni mbili tu alianza nazo, zote hakufika krismasi. Mwalimu ulijuaje.

Tatu hizo mechi mbili. Hapa niseme ukweli, mgeni amenishangaza. Tumemtumia vidio jumatatu, alhamisi akaongea na sisi kwa simu ya vidio na mkalimani, kaonyesha kwamba winga wetu wa kushoto akipanda hakuna anayeziba nyuma yake, na kwamba mabao matatu kati ya matano yametokea sehemu hiyohiyo. Sisi tulikuwa tunamlaumu kipa msimu mzima. Nilikuwa nimeshamkataa moyoni na namuomba msamaha, yule ni mwalimu wa kweli. Swali la dereva nililiuliza, akasema atapanda basi. Sema kwenye mshahara hakushuka, na tulipomuuliza mfadhili aweke pesa ya miezi kumi benki mapema hakutujibu mpaka sasa.

Mzee amekataa kufanya saa moja ya mazoezi, kasema umri wake haumruhusu kufanyiwa majaribio. Namuelewa na sina kinyongo naye.

Msaidizi tulimpa saa moja ijumaa asubuhi. Hakupanga kitu cha kutufurahisha sisi. Alichukua ileile sehemu ya kushoto, akaweka koni nne, winga, beki, kiungo mmoja, wakairudia mpaka nikachoka mimi niliyekaa. Mara ya kumi na kitu kiungo akaziba bila kuambiwa, jamaa akapuliza filimbi akasema "basi, nendeni mkanywe maji". Nikamuuliza nahodha swali la mwalimu. Kasema ndio, aliwahi kunitoa dakika ya 30 kwenye mechi ya kirafiki mbele ya mke wangu, nilikasirika wiki nzima, na nilistahili.

MamaNeema_mzunguko
Mwanangu umefanya kazi ya mtu mzima. Tupe majibu ya kikao.

mzigo_wa_Isyonje
Kikao kimekaa masaa sita. Kura tano kwa nne, msaidizi. Miaka miwili, ada ya kozi ya A juu ya klabu, na barua ya kuombea nafasi imeshaandikwa. Mfadhili ametoka kabla ya kura, kesho mimi na mwenyekiti tunamfuata nyumbani kwake kuongea naye kwa heshima maana mchango wake kwa timu hii ni mkubwa na hatutaki kumpoteza. Mgeni tumemwandikia barua ya shukrani ndefu, na mzee nimempigia mimi mwenyewe.

Kocha amesaini jana. Tulimuuliza anahitaji nini cha haraka, tukategemea aseme wachezaji. Kaomba mipira ifike 24, na mtu wa kupima uwanja wa mazoezi ili mtaro wa maji uchimbwe kabla ya novemba.

mwalimu_mstaafu_Rungwe
Hongereni sana. Na lile la usajili, mmelimaliza kwa mdomo au kwa maandishi?

mzigo_wa_Isyonje
Kwa maandishi mwalimu. Liko ukurasa wa pili wa mkataba, hakuna fomu ya mchezaji inatoka ofisini bila saini yake. Na jana hiyohiyo kuna mjumbe alileta jina la kijana wake, kocha akamwambia aje jumatatu saa 2.